Janensch Aliiona Wapi Pembe?

Mwaka 1925 Werner Janensch, mtaalamu wa visukuku wa Ujerumani, alikosea, na kosa lile linatusumbua hadi leo. Alichukua mabaki machache ya dinosaria mla nyama kutoka Tendaguru, Lindi, akayapa jina Ceratosaurus roechlingi. Ceratosaurus nyote mnamjua: yule mwenye pembe puani. Basi mtu anionyeshe pembe ya Tendaguru. Haijawahi kupatikana.

Tazama alichokuwa nacho mezani: kwadrati, fibula, pingili za mkia zilizovunjika na vipande vingine. Kwadrati hukaa nyuma kabisa ya fuvu, ndipo taya la chini linapojishika. Pembe huota mbele, juu ya mfupa wa pua. Mwenye kwadrati peke yake hajui lolote kuhusu pua. Fibula ni ule mfupa mwembamba wa pembeni mwa muundi. Inakupa kimo, na kweli huyu alikuwa mkubwa kuliko Ceratosaurus wa Marekani, lakini kimo si jenasi. Pingili zingesaidia kama zingekuwa nzima. Kwa ushahidi huo unaandika kwamba huenda ni wa familia ya seratosauridi, unaishia hapo. Yeye akatoa jenasi na spishi kwa mpigo. Huko ni kutaja ukoo wa mtu kwa kuona kisigino.

Mtaalamu wa Marekani Othniel Marsh, na ubishi wake wote, hakufika huko. Alipomtangaza Ceratosaurus nasicornis mwaka 1884 alikuwa na mifupa iliyochimbwa na Marshall Felch kule Colorado: fuvu, pembe ikiwa mahali pake, hadi vijifupa vya ngozi vya mgongoni. Hivyo ndivyo jina linavyotolewa.

Janensch mwenyewe aliliweza: Elaphrosaurus bambergi yake ya 1920, dinosaria mwingine wa Tendaguru, ni kazi safi.

Lakini mwaka 2000 wataalamu Madsen na Welles waliliunga mkono jina Ceratosaurus roechlingi, jambo lililonisikitisha. Mtaalamu mwingine, Oliver Rauhut, ndiye aliyenyoosha mambo mwaka 2011: huenda ni seratosauridi, jenasi haithibitiki, jina ni la shaka. Miaka 86 baadaye!

Kwetu West Nile, Uganda, jina lisilo na ushahidi si jambo dogo. Mawe ya Arua na Koboko ni naisi, ya kale kuliko dinosaria yeyote; hapa huchimbi ukajihakikishia. Kijana wa Koboko anayempenda mnyama huyu anategemea neno la aliyeandika jina, na neno likiwa bovu hana pa kulipimia.

Kwa hiyo walimu na wachoraji, nawaomba: mla nyama huyu wa Tendaguru msimchore pembe mpaka fuvu lake lipatikane.