Skii ya roka si boti: ulinganisho wenye nusu ya ukweli

Ukitafuta maelezo ya skii za kisasa, hutapita mbali kabla hujaambiwa kwamba skii yenye roka huelea juu ya theluji kama boti juu ya maji. Wewe uliyeko Mtwara huenda hujawahi kugusa theluji, lakini vyombo vya majini unavijua. Basi wewe ndiye hasa unayeweza kuupima ulinganisho huu. Mimi nauona una ukweli nusu tu, na nusu iliyobaki inaweza kumla mtu hela.

Tuanze na maana. Laza skii ya kizamani sakafuni: katikati imeinuka kidogo, ncha mbili ndizo zinazogusa chini. Umbo hilo huitwa kemba. Ukisimama juu yake inalala bapa, na kwa kuwa inajikaza kama springi, ncha zake zinabana theluji. Makali yanagusa karibu urefu wote, kwa hiyo kwenye theluji ngumu unashika njia vizuri. Roka ni kinyume chake: katikati iko chini, ncha zimeinuka. Mtelezaji Shane McConkey aliipata fikra hiyo kwenye skii za majini, na skii aliyoibuni, Volant Spatula, iliingia sokoni mwaka 2002. Kwenye theluji laini na nene, ncha iliyoinuka haichimbi. Kwenye theluji ngumu, makali yanayogusa ni mafupi: unageuka kirahisi, lakini unashika njia kwa shida.

Hadi hapo boti inasaidia kuelewa. Nenda ufukweni Msimbati maji yakipwa, uangalie vyombo kwa chini. Chombo ambacho mkuku wake umepinda, omo na tezi vikiinuka, hugeuka upesi kwa sababu ncha zake hazikamatwi na maji mengi. Kwenye mawimbi yanayovunjika juu ya mafungu ya mchanga mlangoni mwa mto Ruvuma, omo lililoinuka hupanda wimbi badala ya kulichimba. Bei yake ni kwamba upepo wa ubavuni unakiyumbisha, na mshika usukani hapumziki. Mkuku mrefu ulionyooka unashika njia, ila jaribu kuugeuza kwenye kijito chembamba katikati ya mikoko! Kila umbo linatoa hapa na kuchukua pale, sawasawa na skii.

Sasa ulinganisho unapovunjika. Kwanza, hilo neno "kuelea". Boti na mzigo wake vikiwa na kilo 500, vitasukuma kando kilo 500 za maji, roka iwepo isiwepo. Hiyo ni kanuni ya Archimedes, na inafanya kazi hata boti ikiwa imetia nanga. Roka haiongezi uwezo wa kuelea hata kidogo. Skii iliyosimama kwenye theluji laini huzama. Kinachoibeba ni upana wake, theluji inayoshindiliwa chini yake, na mwendo. Roka inasaidia ncha ipande juu, basi.

Pili, skii nzuri inapinda. Kila kona mtelezaji anaikandamiza, inabadilika umbo, kisha inarudi. Boti haitakiwi kufanya hivyo. Ukiona chombo cha zamani omo na tezi vimelegea kushuka, mgongo umeinuka katikati, kimepata umbo la kemba, na fundi atakwambia ni ugonjwa: mbao na viungo vimechoka. Umbo moja, kule ni ufundi, huku ni uchakavu.

Hapo ndipo penye hela. Wavuvi wa pwani yetu wanahimizwa kuhamia boti za faiba zenye injini, wengine kwa mikopo. Maongezi mara nyingi ni urefu, nguvu ya injini na mzigo. Mpindo wa chini unasahaulika, au mtu anasema roka ni nzuri, kwisha. Nzuri kwa nini? Kwa chombo cha kafi au tanga kinachokwenda polepole, mpindo wa nyuma hauna neno, unayaacha maji yafunge taratibu. Funga injini kubwa kwenye umbo hilohilo uone: maji yanayokimbia chini ya mpindo yanalivuta tezi lizame, omo linatazama mawinguni, na petroli inaisha kabla ya safari. Boti ya mwendo kasi inataka sehemu ya nyuma iliyonyooka. Mpindo ubaki mbele.

Aliyechonga mtumbwi kwenye gogo moja alibanwa na unene wa gogo. Hakuweza kupinda zaidi ya hapo. Faiba haina mpaka huo. Inamwagwa kwenye kalibu yoyote, kwa hiyo kosa la kalibu moja linajirudia kwenye kila boti itakayotoka humo.

Kabla hujalipa, omba chombo kilazwe juu ya saruji au mchanga mgumu ulio bapa, kisha chungulia chini ya mkuku na futi kamba mkononi. Pima unagusa wapi, na umeachana na ardhi sentimita ngapi mbele na ngapi nyuma. Halafu muulize muuzaji: mpindo huu ni wa injini gani, na wa maji gani?