Ukuta wa Nikeli wa Tom Bacon

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Atomu yake ina protoni moja na elektroni moja, basi. Kilo moja ikiunguzwa hutoa joto karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli, na kinachobaki ni maji. Wengi wanaoisifu huanzia kwenye roketi na ndimi zake za moto. Sifa zangu nazipeleka kwenye bamba la nikeli lenye vinyweleo, ambalo mhandisi mmoja Mwingereza alilihangaikia kwa zaidi ya robo karne ili haidrojeni iungane na oksijeni pasipo kuwaka.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. William Grove, mzaliwa wa Swansea huko Wales, alianza mwaka 1839 kuonyesha kwamba vipande vya platini vilivyochovywa katika asidi ya salfa, kimoja kikiwa ndani ya haidrojeni na kingine ndani ya oksijeni, hutoa umeme. Haidrojeni inapowaka, elektroni zake huhamia kwa oksijeni papo hapo na nguvu yote hutoka kama joto. Katika seli ya Grove elektroni hizo hulazimika kuzunguka kupitia waya ndipo zifike kwa oksijeni, na njiani unaweza kuzifanyisha kazi. Lakini platini ni ghali, na umeme wa Grove ulikuwa kidogo mno. Karibu miaka mia moja ikapita.

Francis Thomas Bacon, aliyeitwa Tom na wenzake, alizaliwa 1904 katika ukoo uleule wa mwanafalsafa Francis Bacon. Alikuwa mhandisi wa mitambo huko Newcastle, wala hakuwa mkemia, pale mwaka 1932 aliposoma habari za haidrojeni katika jarida la wahandisi. Aliamua kuachana na platini na kutumia nikeli. Asidi huila nikeli, kwa hiyo akachagua alkali, yaani potasiamu haidroksaidi. Nikeli ni nzito kuamka ikiwa baridi, kwa hiyo seli ilibidi ipashwe hadi nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo maji yaliyomo ndani ya alkali yangechemka, kwa hiyo kila kitu kikafungiwa ndani ya chuma kinene, kwa shinikizo la makumi ya mara ya hewa tunayovuta. Kila uamuzi ulizaa shida mpya, naye aliipokea na kuikalia mpaka iishe.

Ufundi wenyewe uko kwenye bamba. Umeme hauzaliwi katikati ya gesi wala katikati ya alkali. Huzaliwa pale tu gesi, alkali na nikeli zinapogusana. Gesi ikisukumwa kupita kiasi itapenya bamba na kububujika upande wa pili, na haidrojeni kukutana ovyo na oksijeni katika joto lile ni hatari ya mlipuko. Alkali ikizidi, inafurika vinyweleo na gesi haifiki. Bacon akatengeneza bamba la tabaka mbili. Unga wa nikeli ulishindiliwa na kuchomwa katika tanuri mpaka chembe zikashikamana bila kuyeyuka: upande wa gesi vinyweleo vipana kidogo, upande wa alkali vyembamba zaidi, na vyote vyembamba kuliko unywele. Kimiminika hung'ang'ania zaidi njia iliyo finyu, kama mafuta ya taa yanavyoushika utambi wa koroboi. Basi gesi ikiongezewa shinikizo kidogo tu, inaitoa alkali katika vinyweleo vipana na inashindwa kuing'oa katika vile vyembamba. Mpaka wa vitu vile vitatu ukatulia ndani ya ukuta wenyewe, katika maelfu ya vinyweleo kwa wakati mmoja, bila vali wala kifaa kinachojongea. Sijui kazi nyingine ya chuma niipendayo kuliko hii.

Upande wa oksijeni ulimtesa zaidi. Oksijeni ya moto pamoja na alkali huila nikeli, na oksidi inayofanyika ni ya kijani, isiyopitisha umeme vizuri. Seli ilianza vema kisha ikafifia. Dawa ilipatikana Cambridge miaka ya 1950. Bamba lililoweshwa katika myeyusho wa lithiamu haidroksaidi, likakaushwa, likachomwa hewani kwa joto kali. Lithiamu ikaingia ndani ya oksidi na kuigeuza nyeusi, yenye kupitisha umeme na isiyoliwa kwa urahisi. Kutu iliyokuwa adui ikawa ngozi ya kulikinga bamba.

Mwaka 1959 Bacon na wenzake walionyesha mtambo wa seli 40 wenye nguvu ya takriban kilowati 5. Uliendesha foklifti na msumeno wa duara, ukachomelea vyuma. Kampuni ya Marekani ya Pratt & Whitney ilinunua haki ya kuutumia, ikapunguza shinikizo na kuikoleza alkali ili mtambo uwe mwepesi. Julai 1969 Apollo 11 ilipokwenda mwezini, mitambo mitatu ya aina hiyo, kila mmoja ukiwa na seli 31, ilikipa chombo kikuu umeme wake, na maji yaliyozaliwa humo wanaanga waliyanywa. Bacon alikuwa hai kuyashuhudia hayo yote; alifariki 1992.

Siku hizi haidrojeni inatajwa kila mahali kama mafuta ya kesho, na ahadi ni nyingi. Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani bado hutolewa katika gesi asilia, kwa njia inayomwaga kaboni dayoksaidi hewani, na elektrodi za seli, yaani mabamba yake, bado huchakaa kadiri zinavyotumika. Kwa hiyo ukiletewa habari za gari au kiwanda cha haidrojeni, uliza kwanza gesi yenyewe imetoka wapi. Kisha uliza elektrodi zake zimetengenezwa kwa kitu gani, na zimepimwa kufanya kazi kwa saa ngapi.