Mashine ya Kigamboni, Bei ya Tongoni

Tangazo lilikuwa na picha tatu na mistari miwili: mashine ya boti, Yamaha farasi 15, imetumika, ipo Kigamboni, 3,200,000, maongezi yapo. Mjomba wangu, mvuvi wa Tongoni, alikuwa barazani anashona jarife, mimi nimeshika simu. Nikaandika kama waandikavyo watu wote: "Mwisho ngapi?" Kabla sijatuma akanishika mkono. "Futa hiyo. Hata salamu hujampa, unataka akupunguzie?"

Nikafuta. Mazungumzo yaliyofuata yalichukua siku sita. Nayafungua hapa hatua kwa hatua kwa sababu mzee yule, ambaye hajawahi kufungua akaunti mtandaoni, alipatana bei kwa simu kwa ustadi ambao sisi tunaoishi humo kutwa tumeuacha.

Tuanze na lile nililofuta. "Mwisho ngapi?" linamtaka muuzaji ashindane na nafsi yake, ashuke kabla mnunuzi hajapanda hata shilingi moja. Akitaja 2,900,000, hiyo haiwi mwisho tena, inakuwa mwanzo mpya. Wauzaji wamelijua hilo, ndiyo maana wengi wanakurudishia mpira: "Sema yako." Basi wawili mnabaki mnatazamana, kila mmoja anaogopa kutaja. Wengine wanakwepa tangu mwanzo kwa kuficha bei kabisa na kukuambia uingie DM. Huko watakutazama kwanza picha yako na namna unavyoandika, ndipo bei izaliwe.

Pwani hatufanyi hivyo. Samaki wakishuka, mnadi anasimama pembeni ya fungu, anafungua chini, wanunuzi wanapanda. Kila mtu anaona fungu, anaona jicho la samaki kama bado linang'aa, anaona na anayeshindana naye. Kwenye simu vyote hivyo havipo. Muuzaji akisema "kuna mtu anakuja kuichukua jioni," huna pa kuchungulia. Mjomba alilielewa hilo upesi kuliko mimi: usipoona mali wala washindani, kutupiana namba hakukufikishi popote. Tafuta habari kwanza.

Ujumbe wake wa kwanza, alioutamka nami nikauandika, ulikuwa huu: "Assalaam alaykum kijana wangu. Nipo Tongoni, Tanga. Nimeiona mashine yako. Imefanya kazi bahari gani, na imewahi kuzama?"

Hakuna bei humo. Lakini swali la kuzama ni la mtu anayejua. Mashine iliyozama, hata ikikaushwa ikawaka, maji ya chumvi huwa yameshaingia kwenye beringi, na huko ndani kutu haionekani kwenye picha. Muuzaji akajua hapo hapo kwamba hazungumzi na mtu wa kupoteza muda. Jibu lilikuja kabla ya dakika kumi: "Waalaykum salaam mzee wangu. Haijawahi kuzama. Imefanya kazi hapa hapa Kigamboni. Nauza kwa kuwa nimepata kubwa."

Mjomba akacheka kidogo. "Nimepata kubwa" maana yake ile ndogo imelala, haimwingizii kitu, na pesa zake zimefungwa humo. Hakumuuliza ana shida gani. Mtu mwenyewe ameisema.

Hatua ya pili ilikuwa video, na hapa ndipo bei ilipoanza kuteremka. Mjomba hakuomba "picha zaidi". Aliomba mashine itiwe kwenye pipa la maji na iwashwe ikiwa baridi, asubuhi, kabla haijaguswa. Mashine iliyopashwa moto kwanza huficha uchovu wake, ila ikiwa baridi utahesabu kamba imevutwa mara ngapi. Ya huyu kijana iliwaka mara ya tatu. Si mbaya. Lakini maji ya kupozea, ambayo hutoka kwa tundu dogo nyuma na yanatakiwa yaruke kama mkuki, yalikuwa yanadondoka. Mjomba aliirudia video mara nne. Ama tundu limeziba kwa chumvi, ama mpira wa pampu ya maji umechoka. Vyote viwili vinatengenezeka, lakini ukiendelea kuiendesha hivyo utaiunguza.

Kwa simu za mkononi kazi hii ni nyepesi zaidi. Tangu simu bandia zizimwe tarehe 16 Juni 2016, mnunuzi makini anabonyeza *#06#, anatuma namba ya IMEI kwenda 15090, na simu yenyewe inajieleza. Mashine ya boti haina namba ya kuiuliza. Lazima uisikilize.

Ndipo mjomba akataja bei, na aliitaja ikiwa imefungwa pamoja na sababu yake: "Kijana wangu, maji hayaruki. Pampu itataka kufunguliwa. Nina 2,500,000." Angesema tu "punguza bwana," kijana angeona anaombwa zawadi. Kwa kutaja pampu, alimpa kitu cha kujibu. Na alijibu: pampu ni kweli, mzee, lakini 2,500,000 hapana, chukua 3,000,000.

Sokoni, hapa ndipo unapogeuza mgongo na kuondoka polepole, masikio yakiwa nyuma. Kwenye simu mgongo haupo. Wengi wetu tunanyamaza tu, ujumbe umesomwa na jibu hakuna, na mwenzako anahesabu kwamba umemdharau. Mjomba aliaga. "Giza limeingia, tunakwenda baharini. Nikirudi Ijumaa tutazungumza, inshallah." Hiyo nayo ni kuondoka, lakini mlango ameuacha wazi na siku ameitaja. Alhamisi, kabla ya siku yenyewe, simu ikalia: "Mzee wangu, mmerudi salama? Basi nifanyie 2,850,000."

Aliyeandika kwanza ndiye aliyesogea. Mjomba akasema 2,700,000, kijana akasema 2,750,000, wakakubaliana.

Kiswahili kinawaita watu waliofika hapo "wamepatana", na ni neno hilo hilo tunalolitumia kwa majirani wasio na ugomvi. Soko moja la mtandaoni hapa Tanzania lilijiita Kupatana, na kwangu mimi hilo ni jina lililochaguliwa vizuri kuliko yote ya biashara hii.

Ila bei ya simu ina mkia. Kijana aliandika: "Na ya kutolea, mzee." Wala hakukosea. Makato ya kutoa pesa kwa wakala ni sehemu ya bei, na Watanzania tulijifunza hilo kwa uchungu Julai 2021, Serikali ilipoongeza tozo kwenye miamala ya simu, kabla ya kuipunguza kwa asilimia 30 baada ya malalamiko. Anayepatana 2,750,000 bila kutaja ya kutolea na nauli ya mzigo hajamaliza kupatana. Waligawana: mjomba alibeba ya kutolea na nauli ya basi, kijana akaifikisha mashine mpaka Stendi ya Magufuli, Mbezi. Kutoka Kigamboni hiyo si safari ndogo.

Na nani atangulie, pesa au mzigo? Nchi hii kila mtu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Usajili wa laini kwa alama za vidole umesaidia, kwani jina hutokea kabla hujathibitisha malipo, na likitofautiana na la muuzaji unasimama hapo hapo na kuipeleka namba ile 15040. Mjomba hakutegemea jina tu. Alimtuma shemeji yake wa Temeke akaishike mashine kwa mikono, ndipo sisi tukatuma.

Tongoni imezoea kuuziana na mtu isiyemjua. Januari 1499, ilipokuwa bado ikiitwa Mtangata, Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael kwenye maji haya, mabaharia wamepukutika kwa kiseyeye na waliobaki hawatoshi kuendesha meli tatu. Kumbukumbu za safari ile zinasema watu wa mji waliwapelekea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili. Hawakuwa na sarafu moja. Nadhani mashati yale yalipapaswa vizuri kabla kuku hajaachiwa.

Mashine ilifika stendi ya Kange, Tanga, Jumatatu asubuhi. Lakini Jumapili usiku, pesa zikiwa bado hazijatumwa na bei imeshakaa, mjomba aliniambia niandike ujumbe mmoja wa mwisho: "Na nyongeza yangu je, kijana wangu?" Sikutaka, niliona aibu. Akasisitiza, nikaandika.

Tulipolifungua gunia, pembeni ya mashine palikuwa na tenki la mafuta na mpira wake.