Kichupa Kimoja, Ngozi Mbili

Nakiri kwamba mara ya kwanza mafuta ya udi yalinichukiza. Mke wangu alifungua kichupa cha robo tola, akanigusa kidogo nyuma ya sikio. Ikapanda harufu ya zizi la ng'ombe na ngozi mbichi. Nikamwambia, "Mama Saida, umeuziwa uozo." Akacheka. "Subiri, Baba Saida. Haya hayataki pupa."

Nikasubiri. Baada ya saa nzima zizi lilikuwa limetoweka, ikabaki harufu ya mbao kavu, asali na moshi wa mbali. Usiku iliponijia kutoka shingoni mwake, haikuwa ile ya kwangu. Kwake ilikuwa tamu na laini. Kwangu kavu, yenye uchungu kidogo. Na kichupa ni kile kile.

Kwa hiyo siafikiani na wauzaji wanaotenga rafu ya wanaume na rafu ya wanawake. Unguja na Oman, bwana hupaka udi akavaa kanzu, bibi hufukiza nguo na nywele zake kwa chetezo, wala hakuna aulizaye udi ni wa nani. Jinsia haimo chupani. Ngozi ndiyo inayoamua.

Asili yake nayo ni ya ajabu. Mti wa Aquilaria, wa misitu ya Assam, Kambodia na Indonesia, ukiwa mzima ubao wake ni mweupe na karibu hauna harufu. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa utomvu mzito, na ubao hugeuka mweusi. Huo ndio udi. Vipande vyake hulowekwa, pengine kwa wiki kadhaa, kabla ya kutolewa mafuta kwa mvuke. Ndipo litokapo lile zizi. Tamaa yetu imeugharimu mti huo: Aquilaria malaccensis iliwekwa chini ya udhibiti wa biashara wa CITES mwaka 1995.

Kasoro yake kubwa nimeijua baadaye. Mama Saida alipofariki, sanda yake ilifukizwa udi. Kichupa kimebaki kwangu. Watu husema harufu humrudisha aliyeondoka. Mimi najipaka, nasubiri saa nzima, napata mbao na moshi. Ule utamu haumo chupani. Ulikuwa wake.