Chila Haigeuzwi

Paka wa mama mkubwa anaijua siku ya chila. Jiko likishatolewa uani na kikaango kikibandikwa, huja akakaa kando ya mbuzi ya kukunia nazi, mkia kauzungushia miguuni, akangoja. Hangoji samaki. Anangoja chila ya kwanza, maana katika nyumba ile ya Ngamiani, Tanga, chila ya kwanza haijawahi kufika sahanini. Hung'ang'ania chuma, ikachanika, chini imeungua na juu mbichi. Mama mkubwa huikwangua kwa ncha ya mwiko, akaipuliza ipoe, akaiweka chini. "Haya, yako hiyo," humwambia paka. Kazi yenyewe huanza hapo.

Nimekula chapati za maji, vibibi na chila za mikono ile tangu utotoni, na siku zote niliviona ni vyakula vya mtu mwenye haraka. Unga, maji, kikaango, kuna nini tena? Ramadhani iliyopita nilikaa kwake siku nne, nikaomba anifundishe. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiguse kitu mpaka niambiwe.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mtu huyu hupika bila kuonja. Amefunga, futari inaandaliwa tangu alasiri, na ulimi wake hauna kazi. Chumvi huipima kwa vidole vitatu, hiliki kwa pua, moto kwa sikio. Nilimuuliza kama hajawahi kukosea. Akasema amekosea mara nyingi, watu wakala, wakashukuru.

Tulianza na chapati za maji, ambazo Zanzibar huziita mikate ya maji. Vikombe 2 vya unga wa ngano, yai moja, chumvi, na maji kama vikombe viwili na nusu. Lakini maji hayo hamwagi yote. Humimina kidogo, akakoroga rojo likiwa bado zito, zito la kumchosha mtu mkono, mpaka madonge yamesagika yote. Hapo tena ndipo huongeza maji kidogo kidogo. Mimi nyumbani nilikuwa namwaga yote kwa mkupuo, kisha nahangaika kuyawinda madonge yanayoelea kama mimi ndiye niliyeyakosea. Rojo zito hulibana donge likavunjika. Rojo jepesi hulipisha tu.

Akishamaliza hufunika bakuli kwa sahani na kuondoka. Nusu saa. Anakwenda kuchambua mchicha, anaongea na jirani kupitia ukutani, anaswali. Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kuchapwa hushikana zikawa nyuzi zinazovutika kama mpira. Ndizo zinazoiwezesha chapati ya kusukuma kutanuka bila kuchanika. Kwenye chapati ya maji nyuzi hizo ni adui. Ukikoroga sana ukapika papo hapo, unapata kitu cha kutafuna kama kandambili. Ukiliacha rojo litulie, nyuzi zinalegea, na kila chembe ya unga inapata wasaa wa kunywa maji yake. Mama mkubwa hajui habari za protini wala hazimhusu. Yeye anasema rojo limechoka, liache lipumzike.

Kisha kikaango. Huchovya ncha za vidole kwenye maji, akakirushia matone. Tone likikaa likachemka palepale, chuma bado. Likijikusanya kama ushanga na kukimbia huku na huko, mimina. Mwaka 1756 daktari mmoja wa Kijerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliandika kitabu ambamo aliieleza ngoma hii ya tone. Chuma kikiwa cha moto mno, tone hupata kitanda cha mvuke wake lenyewe, likaelea juu yake bila kukigusa chuma, ndiyo maana halikauki upesi. Kwa chapati za maji, hiyo ndiyo ishara. Kwa vibibi na chila, ushanga ukikimbia ni hatari, na makaa mawili matatu huondolewa kwa koleo mpaka tone lilie tu na kupotea.

Mafuta hayamiminwi. Kitunguu maji kimekatwa nusu, kimechomwa uma mgongoni, kinachovywa kwenye kisosi cha mafuta na kupitishwa juu ya chuma mara moja. Nilidhani ni ubahili. Ni vipimo. Mafuta yakituama, chapati inakaangika kwa madoa badala ya kuiva kwa rangi moja. Upawa mmoja katikati, kifundo cha mkono kinazunguka, rojo linatambaa mpaka ukingoni, na kabla sijamaliza kutazama ukingo umeshajiinua wenyewe kama karatasi iliyopigwa na jua. Hapo hugeuza, kwa vidole. Vidole vyake havisikii moto, au vinausikia na vimezoea.

Vibibi ni habari nyingine kwa sababu mchele ni habari nyingine. Mchele hauna zile nyuzi za ngano, hivyo hakuna cha kuogopa katika kukoroga, ila pia hakuna cha kukishikilia kibibi kisisambaratike. Kinasimama kwa wanga wake peke yake, na wanga haushikani kama mchele haukusagwa ukalainika kabisa. Ndiyo sababu hulowekwa usiku kucha. Punje ikishiba maji unaivunja kwa kucha, na blenda haiungurumi ovyo. Anasaga na tui, anaweka hamira, sukari na hiliki, halafu anachovya vidole viwili na kuvisugua kwa dole gumba. Akihisi mchanga, rojo linarudi kwenye blenda. Zamani, anasema, ilikuwa kinu na mchi na chekeche, na hana hamu hata kidogo ya zamani hiyo. Nilifurahi kumsikia. Tunao watu wengi wanaosifu kinu ambao hawakuwahi kutwanga.

Halafu mchele wenyewe. Usipoteze mchele wa Kyela hapa. Harufu yake utaizika chini ya hiliki na nazi, na fedha yako pamoja nayo. Mchele wa kawaida, mkavu, unatosha.

Jamaa wa chapati hizi ni wengi, na kila mmoja ana namna yake ya kujazwa hewa, au kutojazwa. Kabalagala ya Uganda haina haja na maji wala hamira. Ni ndizi mbivu ndogo zilizopondwa na unga wa muhogo, zikasukumwa, zikakatwa mviringo na kuzamishwa kwenye mafuta. Zile nene za Marekani, zinazopangwa ghorofa, huinuliwa na beking pauda, ambayo mfamasia wa Birmingham, Alfred Bird, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira. Ni uungwana mkubwa wa mume, na nazila nikizipata, lakini zina kasoro ya kila kinachoharakishwa. Unga ule huanza kutoa hewa ukiguswa na maji, na hewa hiyo haiji na ladha yoyote. Hamira inakula, na inapokula inaacha kaharufu, kauchachu kadogo nyuma ya utamu wa tui. Huwezi kukanunua kwenye kopo.

Sasa chila. Rojo lake ni ndugu wa lile la vibibi, mchele na tui na hamira, isipokuwa sukari ni kidogo au haipo, kwa kuwa italiwa na mchuzi wa kuku, na mwishoni huingizwa ute wa mayai uliopigwa ukawa povu jeupe. Huingizwa kwa mwiko unaopita chini na kupanda juu, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kuanzia hapo hakuna kukoroga. Upawa unateka kutoka juu tu.

Anamimina, na hasambazi. Rojo linajitandaza lenyewe na kusimama. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha kitundu kimoja kinafunguka pembezoni, cha pili, vitano, na ghafla uso mzima unatoboka kuelekea katikati, kila tundu likipasuka kwa mlio mdogo usioweza kuusikia mtu anayeongea. Wahabeshi, ambao injera yao nayo hupikwa upande mmoja, matundu haya huyaita macho. Lahoh ya Wayemeni na Wasomali ni hivyohivyo. Hewa ya hamira imepanuka kwa joto, imetafuta njia ya juu, na wanga ukaganda kabla njia haijazibika. Moto ukizidi, chini hukauka upesi na hewa ikanaswa ndani. Ukipungua, matundu hujifunga na chila hulala kama mkeka.

Matundu yakikamilika hufunika. Na hapa nikaona kitu ambacho nimekila miaka yote bila kukijua. Kila baada ya chila moja, mama mkubwa huugeuza mfuniko na kuufuta kwa ndani kwa kitambaa kikavu. Asipofanya hivyo, mvuke ulioganda hudondoka, na kila tone huacha doa la majimaji juu ya uso mweupe. Chila thelathini, mfuniko umefutwa mara thelathini. Mgeni akija kufuturu haoni kitambaa. Anaona weupe tu, na chini yake rangi ya dhahabu iliyo sawa kila mahali.

Siku ya nne alinipa upawa. Mchele nilikuwa nimeloweka mwenyewe, nimesaga mwenyewe. Rojo liliumuka vizuri, likafika ukingoni mwa bakuli, nami kwa furaha nikalikoroga lote kwa nguvu ili lichanganyike. Nililisikia likishuka. Mama mkubwa alikuwa nyuma yangu, hakusema kitu, akaendelea kukatakata kachumbari. Chila zangu nane za kwanza hazikuwa na jicho hata moja. Paka alikula mbili, akaondoka.

"Mkono wako hautulii, mwanangu," alisema baadaye, akiwa ameniachia rojo lile lijiumukie tena robo tatu ya saa. Adhana ilikuwa inakaribia. Nilimimina, nikaweka mikono mgongoni. Matundu yakaja, machache, yamekusanyika upande mmoja. Nikafunika, nikafuta mfuniko, nikamimina nyingine.

Tulipofuturu alichukua moja ya zangu, akaimega, akaichovya kwenye mchuzi, akatafuna taratibu huku sisi sote tukimtazama. "Inalika," alisema, kisha akanyoosha mkono akachukua yake.

Ukitaka kuzijaribu kesho, loweka mchele kabla hujalala leo. Na rojo likishaumuka, tafadhali, usilikoroge.