Kwa Kikokotoo, Mathe Ni Mzungu

Jumamosi moja mathe alirudi nyumbani Umoja na kikaratasi cha duka la dawa kimeandikwa 152/94. Alikuwa ameenda kununua dawa ya kichwa, wakampima presha. Ana miaka 58, havuti sigara, hana sukari. Mimi nilikuwa na bando, nikafungua kikokotoo cha Wamarekani cha kukadiria hatari ya moyo.

Kazi yangu ni kusoma riwaya na mashairi, halafu kubishana nayo. Lakini fomu nayo ni maandishi. Ina mhusika, ina msimulizi, na kuna mambo imeamua kuyanyamazia. Wacha niisome hivyo.

Fomu ilianza kwa kutaka kolestroli, yote kwa jumla na ile nzuri. Mathe hajawahi kupimwa. Pesa ya kipimo hicho ni pesa ya kununua sukuma za kuuza wiki nzima. Fomu haikubali pengo, kwa hivyo nikabahatisha: 190 na 50. Tayari nusu ya mhusika nilikuwa nimemtunga mimi.

Kisha vikaja vitufe vitatu vya asili: Mzungu, Mwamerika Mweusi, Nyingine. "Weka Nyingine," mathe akasema. "Kwani mimi ni Mwamerika?" Ikatoka karibu 4 kwa mia. Nikarudi, nikabonyeza Mwamerika Mweusi bila kugusa kitu kingine. Ikatoka zaidi ya 7. Mwili ule ule, jioni ile ile, kiti kile kile.

Baadaye ndio nilisoma maelezo ya hesabu hizo zilizotolewa 2013. Ukichagua Nyingine, unapigiwa hesabu ya Wazungu. Kitufe nilichodhani ni chumba cha wageni kilikuwa mlango wa nyuma wa nyumba ile ile.

Mathe alicheka. "Kwa hivyo nikiwa mzungu niko sawa? Basi mimi nachukua hiyo nne." Na akaichukua kweli. Jumatatu hakuenda kliniki, akaenda kufungua kibanda. Mimi ndiye nilimpa hiyo ruhusa, kwa simu yangu, kwa namba mbili nilizobuni.

Shida ni kwamba asilimia inasomeka kama utabiri wa mtu mmoja, na sivyo. Inasema: chukua watu mia wanaofanana na huyu, ndani ya miaka kumi wanne watapata mshtuko wa moyo au kiharusi. Swali la msomaji yeyote makini ni, hao mia ni akina nani? Utamaduni huu wote ulianzia Framingham, mji mdogo wa Massachusetts, ambapo 1948 watafiti walianza kufuatilia wakazi 5,209, karibu wote Wazungu. Hesabu za 2013 ziliongeza Wamarekani Weusi. Hakuna aliyepanda matatu ya Kangundo Road humo ndani. Wamarekani wenyewe waliona tatizo la kile kitufe: kikokotoo chao kipya cha 2023, PREVENT, hakiulizi asili ya mtu kabisa.

Kuna maandishi bora kuliko haya, na nasikitika nilichelewa kuyafikia. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya 2019, zimegawa dunia katika maeneo 21, Afrika Mashariki ikiwemo. Toleo moja halihitaji maabara: umri, jinsia, sigara, presha, uzito na urefu. Jibu linakuja kwa rangi, kijani hadi nyekundu iliyoiva. Hiyo ni fomu inayojua kuna kliniki zisizo na maabara. Bado ina ukimya wake. Mathe wa Umoja na mkulima wa kijiji cha mbali Tanzania wanaingia kisanduku kimoja. Moshi wa Dandora hauna safu. Usingizi wa mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi soko hauna safu. Na data za kwetu zinaweza kupatikana: Korogocho na Viwandani, hapa hapa Eastlands, watafiti wa APHRC walianza kufuatilia kaya 2002.

Je, nasema tuvitupe vikokotoo? Hapana. Mbele ya daktari vina kazi, hasa kuamua nani aanzishiwe dawa za mafuta ya damu. Kosa langu lilikuwa kuuliza fomu swali ambalo halikuwa lake. Presha ikibaki 140/90 au zaidi baada ya kupimwa vizuri, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema anza dawa. Hakuna haja ya kusubiri asilimia.

Ilinichukua wiki tatu za kuomba msamaha na kumsumbua. Hatimaye tukaenda pamoja. Muuguzi akamwambia akae kimya dakika tano, akampima mara mbili, akamwita tena wiki iliyofuata. Ilikuwa bado juu. Hakuuliza kuhusu nne wala saba. Aliuliza mathe anaweka chumvi kiasi gani, analala saa ngapi, na nani atamkumbusha kumeza dawa.

Mathe akaninyooshea kidole. "Huyu. Si ana simu."