Tahakiki ya Istilahi: "Zebaki Hai"

Tafsiri inayohakikiwa hapa ni karatasi ya mafunzo ya kemia ya kampaundi za metali na kaboni, iliyokusudiwa walimu na maafisa ugani, nami niliipata Mutuka, katika mji wa Babati. Kiswahili chake ni safi. Mfasiri amestahili pongezi kwa kuchagua "usanisi" badala ya "utengenezaji", kwani mwanafunzi amekwisha kulizoea neno hilo katika "usanisinuru". Lakini kampaundi ogania za zebaki ameziita "zebaki hai", na hapo hatuwezi kunyamaza.

Yaonekana alifuata mfano wa "kilimo hai", kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo yote mawili. Tangu mwaka 2007 Kilimohai ni alama ya mazao yaliyothibitishwa katika Afrika Mashariki. Mkulima alionapo neno "hai" huelewa kitu salama. Kumbe methili-zebaki ni sumu ya ubongo. (Warumi nao waliiita zebaki fedha iliyo hai, ila wao walitazama jinsi inavyotiririka tu.)

Mwishoni mwa mwaka 1971 Iraki ilipokea mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa ya aina hiyo. Maonyo ya magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Watu wakazisaga mbegu, wakaoka mikate. Waliolazwa walizidi 6,500, na 459 kati yao wakafia hospitalini. Kule onyo halikusomeka. Kwetu lingesomeka, nalo lingesema kinyume, jambo ambalo naliona baya zaidi. Wala asiseme mtu kwamba viuatilifu vya zebaki vimekwisha kupigwa marufuku na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013: zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ikifika majini, hugeuzwa na bakteria kuwa methili-zebaki, ikaingia katika samaki.

Wako wanaopendekeza "metali-kaboni". Neno hilo lafaa, mradi lifasiliwe: atomu ya metali na ya kaboni ziwe zimeungana moja kwa moja. Mawe ya chokaa yana metali na kaboni pia, lakini oksijeni imekaa katikati, kwa hiyo hayamo.

Kosa jingine ni dogo, nalo ni kuuita muundo wa fuwele "umbo la fuwele". Umbo huonekana kwa jicho. Muundo ni mpango wa atomu ndani, nao hufichuliwa kwa eksirei. Methili-lithiamu machoni ni unga mweupe tu. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1964 vilionyesha kwamba ndani ya fuwele zake atomu za lithiamu hukaa nne nne, kama pembe za piramidi yenye nyuso tatu na kitako. Hilo si umbo.

Karatasi ikichapwa tena, wataalamu waandikiwe "kampaundi ogania za zebaki". Palipo na onyo kwa mwananchi, paandikwe "sumu ya zebaki", bila kuongeza neno.